Cherehani ya Kukhu Isingoje Harusi

Kawangware, upande wa Riruta,
Nairobi.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa shangazi yangu, Senje Phanice,

Mulembe, Senje, mulembe mno. Habari ya magoti? Na lile jino lililokunyima usingizi wakati wa Krismasi, uliling'oa au bado unalipaka karafuu na kulidanganya? Ng'ombe naye, alizaa salama? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haikai. Tangu tutoke kanisani nimeketi na kusimama, nimeketi na kusimama, mpaka jirani ameniuliza kama kiti kina siafu.

Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu kwa simu hatuwezani. Nikipiga, unalia. Ukilia, nalia. Halafu airtime inaisha hatujasema kitu. Karatasi hailii, na tena huwezi kuikata katikati uniulize nitaolewa lini.

Mwanao Ambrose alifika jana asubuhi. Kuku uliyemtuma naye alifika hai, na unga wa wimbi haukumwagika. Asante sana, Senje. Tumekula, tumeshiba, tumelitaja jina lako.

Sasa keti chini kabla hujaendelea kusoma. Nimesema keti. Najua ulimtuma Ambrose aje kumchukua ndugu yangu Morris amrudishe kwako Khayega. Kesho jioni Ambrose atapanda basi na barua hii mfukoni, na Morris hatakuwa naye. Usimfokee mtoto wa watu. Alijaribu kutimiza ulilomwagiza, mimi ndiye niliyekaa mlangoni.

Wala sisemi ulikosea. Morris mwenyewe ndiye aliyekupigia, akakwambia amechoka na Nairobi, mumtoe huku. Mtoto uliyemlea baada ya mama yetu kufa akikulilia hivyo, ungefanyaje? Hata mimi ningetuma mtu. Lakini hakukueleza kilichomfikisha hapo, na mimi nisipokueleza nitapasuka.

Unakumbuka alivyoanguka kwenye mjengo, miguu ikakataa. Tulipokuwa bado Gatwekera, kule Kibera, kile kiti chake cha magurudumu kilikuwa pambo la nyumba. Vichochoro vile ni matope, mitaro na kona ambazo hata kuku hufikiria kabla ya kuzipita. Kila akitaka kutoka ilibidi abebwe mgongoni, na mwanaume mzima kubebwa mgongoni kila siku kunamla ndani. Ndiyo maana nilihamia huku Kawangware, nyumba ya chini, lango pana. Soko la Toi ninakouza suruali za mitumba limekuwa mbali, na jioni miguu yangu hunitukana. Sijali.

Hapa nyuma ya kanisa kuna chuo kidogo cha ufundi. Tulipoenda mara ya kwanza, mkurugenzi alimtazama Morris, akatazama kiti, akasema, "Huyu tutamweka viatu." Hakumuuliza anataka nini. Kwao mtu akiwa kwenye kiti cha magurudumu ni fundi wa viatu tayari, kama vile alizaliwa na gundi mkononi. Morris akamwambia, "Boss, mimi viatu vyangu haviishi. Nitajuaje vya watu vinaumia wapi?" Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na hasira nyingi mno.

Na usidhani ni yeye peke yake waliyemfanyia hivyo. Mwaka uliopita wasichana wote walioletwa kutoka Kibera walifunzwa kusuka na kutengeneza nywele, wote, kwa sababu mfadhili alipenda saluni. Kila mmoja akapewa mashine ya kukausha nywele na makofi. Senje, plot moja ina saluni tano, wa kusukwa ni nani? Kabla ya mvua kuisha niliziona zile mashine Toi, zimepangwa chini kwenye turubali, zinauzwa pamoja na pasi na redio zilizokufa. Nilimjua msichana aliyekuwa akiuza yake. Alinisalimia huku akitazama pembeni.

Ngoja, kuna mtu anabisha.

Nimerudi, ni mtu wa maji. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, Morris. Yeye alitaka kushona, na alikuwa na sababu yake. Kila siku mteja akinunua suruali kwangu lazima aulize, "Mnaweza kupunguza kiuno?" Nami huwatuma kwa mafundi wa upande ule mwingine, wanapanga foleni, wengine wanakasirika na kurudisha nguo. Morris alinisikia nikilalamika hivyo kwa miaka. Akasema, "Mimi nitakuwa nakaa kando yako, napunguza viuno." Hiyo ndiyo ndoto yake yote, Senje. Hakuomba ndege.

Aliyemkubali ni mwalimu wa ushonaji, Madam Mukai, Mkamba wa Kitui, mfupi, mdomo wake hauna breki. Ungempenda, kisha mngegombana. Yeye hafundishi kwa kitambaa kipya. Anawapeleka wanafunzi Toi, wananunua makoti yaliyochanika, wanayafumua na kuyashona upya, kwa sababu anasema kazi ya kesho iko pale, haiko ukutani kwenye picha za mitindo. Darasa lake linaanza watoto wakishafika shule, si alfajiri, ili akina mama waweze kuja. Ndanu, msichana anayekaa karibu na Morris, mtoto wake hulala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia. Akilia, aliye karibu zaidi anambeba.

Acha nikuchekeshe kidogo. Wafadhili walijenga njia ya saruji ya kupitisha kiti cha magurudumu, nzuri, ina vyuma vya kushika. Wakampiga Morris picha akiipanda. Lakini njia ile inaishia kwenye mlango wa ofisi! Darasa liko nyuma, na lina vidato vitatu vya kushuka. Kwa hiyo Morris alikuwa anapanda kwa heshima kwenda ofisini ambako hana kazi, kisha wenzake wanamnyanyua kama gunia kumshusha darasani. Siku moja mkurugenzi alienda mkutano. Aliporudi alikuta cherehani zimejaa ofisini kwake na meza yake iko kule nyuma, imefutwa vizuri. Madam Mukai akamwambia, "Wewe una miguu, utashuka." Mpaka leo ofisi iko kule chini.

Cherehani za pale ni za kukanyaga kwa miguu, ila chache zimefungwa mota ya stima. Morris alipewa moja ya hizo. Kile kidude cha kukanyaga wakakiweka juu ya meza, anakigandamiza kwa kiwiko huku mikono inaongoza kitambaa. Mwanzo alishona kama mlevi anavyotembea. Baadaye, Senje, nilikuwa nikipita dirishani nasimama tu kumtazama. Alirudi kuwa yule Morris wa kupiga mluzi.

Sasa nifike kwenye lile lililoharibu. Mtihani wa cheti ulikuwa mwezi uliopita, mwishoni. Kila mtu alitakiwa kushona shati lenye kola na mfuko, alimalize siku hiyohiyo mbele ya mtahini. Sikufungua kibanda siku hiyo. Nilikaa kwenye benchi la nje kama mtu aliyeleta mgonjwa. Morris alikata vizuri, akaunga mabega, akaingiza mikono. Alipofika kwenye kola, penye kazi yenyewe, stima ikapotea.

Wenye mota wengine walirudisha mikanda kwenye magurudumu ya chini wakaanza kukanyaga. Mashine ya Morris peke yake ndiyo ilikaa kimya. Mtahini, bila kuinua kichwa, akasema, "Kijana, hamia ya miguu." Morris akamjibu, "Yangu niliiacha mjengo, mkubwa." Watu wakacheka, halafu wakaona haya.

Ndanu akaacha shati lake, akapiga magoti, akataka kumkanyagia. Mtahini akakataa. Alisema kazi ni ya mtu mmoja na mikono ya mtu mmoja. Nilimchukia, Senje, siwezi kukuficha. Lakini nikiwaza vizuri, hata mimi sitaki kesho mtu aje aseme lile shati ni la Ndanu. Na mtu yule hakuwa mbaya. Alikaa akangoja stima pamoja nasi mpaka wenzake wote walipomaliza, na haikurudi. Kola ikabaki nusu.

Madam Mukai alimfuata mpaka getini, wakabishana wee, na alichopata ni hiki: Morris anaweza kurudia mwishoni mwa mwezi huu, pamoja na wale wa kituo kingine. Aje na cherehani yoyote anayoweza kuiendesha mwenyewe, stima iwepo isiwepo. Akikosa, angoje mtihani mwingine, na hakuna anayejua utakuja lini. Na bila cheti, mafundi wa Toi hawatampa ile nafasi ya meza kando yangu. Wamechoshwa na watu wanaoharibu nguo za wateja kisha wanahama. Nimewabembeleza, wamesema cheti kwanza.

Siku ile nilimsukuma njia nzima. Nyumbani akageukia ukuta. Kumbe Jumatatu alikupigia nikiwa sokoni. Niliporudi nikakuta begi lake limefungwa, liko kwenye mapaja yake, na yeye amekaa kitini akitazama mlango. Nikamuuliza, "Unaenda wapi?" Akasema, "Kwa Senje. Huko hakuna mtihani." Nimepika kwenye nyumba hii juma zima bila mtu kuniambia chumvi imezidi au imepungua.

Sasa nisikilize, wala usinikasirikie. Najua akija utamtunza, na hilo ndilo linalonitisha. Utamweka kibarazani, utampa chai ya maziwa, watoto watatumwa kumsukuma na kumfukuzia nzi. Atanenepa. Wageni watamhurumia, nawe utawashukuru. Na siku moja atasahau kwamba ajali ilichukua miguu tu. Mikono yake hakuna aliyeichukua, Senje. Naogopa tusije tukaichukua sisi kwa upendo.

Nimesimama tena. Nimechungulia nje, nimekoroga chai ambayo tayari ina sukari. Kinachofuata ndicho kigumu, ndiyo maana nazunguka.

Jana Ambrose alipokuwa akiingia, bati la langoni lilimshika mkono wa koti, likachana. Na ni koti gani? Lile la marehemu baba yake, ulilomwonya asilichafue wala kulikalia! Mtoto akaukamata ule mkono uliochanika. "Mama ataniua," akasema, na nilimwamini. Hakuna aliyemwita Morris. Yeye mwenyewe alisukuma kiti mpaka karibu, begi bado mapajani, akasema, "Leta hapa." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumatatu. Akaweka begi chini. Akafunua pindo la ndani la koti lenyewe, akachomoa nyuzi humo, ili rangi isije ikatofautiana, akazirudisha mahali palipochanika moja baada ya nyingine kwa sindano. Chai yake ilipoa. Hakuna aliyethubutu kupita mbele ya dirisha akamzibia mwanga.

Wakati anashona, Ambrose, kwa sababu ya uoga tu, akawa anaongea ovyo. Akaongea habari za ng'ombe, habari za kwaya, kisha akasema Krismasi ulimfanya aipanguse cherehani ya Kukhu, bibi yetu, na kuitia mafuta, na gurudumu lake bado linazunguka kama maji. Morris akasimamisha sindano. Akauliza, "Ile ya kuzungusha kwa mkono?"

Mimi niliinuka, Senje. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kwa sababu najua cherehani ile inangoja nini.

Siku tulipomzika Kukhu ulisimama mbele ya watu wote ukasema mama yako ameniachia mimi cherehani yake, na itatoka nyumbani kwako siku nitakayotoka na mume. Niliheshimu neno hilo. Nimelala Nairobi miaka yote hii nikijua iko pale chini ya kitambaa chake cheupe, na sikuwahi kuiulizia. Ila mume hakuja. Yule Obiero uliyesema hatatufaa sasa ana mapacha huko Rongai, na wamenona. Sikulaumu, cheka tu. Lakini nimechoka kuwa mtu ambaye mali yake inamsubiri mgeni asiyejulikana jina.

Utasema ninunue nyingine. Nimezunguka Toi, nimezunguka Kawangware, nimeuliza hata wauza vyuma. Za mkono zimekwisha. Zile chache zilizobaki matajiri wamezipanga kwenye madirisha ya hoteli zao ziwe urembo, watu wanakunywa kahawa wakizitazama. Na Toi hakuna stima ya kutegemea kando ya kibanda changu, kwa hiyo si ya mtihani tu, ni ya kazi ya kila siku. Nilimwambia Morris, kwa kumjaribu, kwamba mkono mmoja utazungusha na mmoja tu utabaki kuongoza kola. Akanijibu, "Si Kukhu alishonea shule nzima uniform kwa hiyo hiyo? Wacha wewe." Akapiga mluzi. Senje, nilitoka nje nikalia kwenye kamba ya nguo.

Kwa hiyo nakuomba, na nimepiga magoti ijapokuwa hunioni. Usimtume mtu aje amchukue Morris. Mfungie Ambrose cherehani katika leso yako nzito, aiweke mapajani ndani ya basi, isipande juu na magunia, arudi nayo wiki hii ili Morris apate siku za kuizoea. Ulisema itatoka na bwana. Sina bwana, Senje. Nina ndugu. Nakuomba neno lako lilegee kidogo hapo, na Kukhu nitamjibu mimi mwenyewe siku tukionana.

Ukiona bado haifai, nitakubali kwamba wewe ndiye mkubwa. Nitakasirika, lakini nitakubali. Begi la Morris halijafunguliwa bado. Liko chini ya meza, na kila nikilipita nalisukuma kwa mguu liingie ndani zaidi.

Nisalimie Nabalayo na watoto wake, mwambie zile sweta za shule nimezipata, ziko njiani. Msalimie Mzee Wabwire wa posho mill, na kwaya yote ya akina mama, hasa wale wanaoimba nje ya sauti. Madam Mukai anakusalimia ingawa hamjuani. Mungu akulinde, akutulize magoti, na hilo jino alitoe kwa upole.

Ni mimi mwanao ninayekupenda hata nikikubishia,
Kavetsa

Nimefungua bahasha tena, kwa sababu Ambrose aliisoma barua kabla sijaifunga, Morris naye akaisoma yote juu ya bega lake, na ana neno lake. Anasema usiamini maneno yangu, mimi ni dada yake. Mvue Ambrose koti, litandaze juani, vaa miwani yako ya Biblia, utafute palipochanika. Sikuambii ni mkono upi, na Ambrose ameapa hatakuonyesha. Ukipaona, Morris atakuja nyumbani mwenyewe bila kufuatwa. Usipopaona, funga cherehani.